Mwandiko wa Profesa

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, Msanifu aliweka kipande cha mbao juu ya mzani wa jikoni akasoma gramu mia moja na tisini. Akatoboa tundu la saba kwa nyuma, akapuliza unga, akapima tena. Mia moja themanini na nne. Alicheka peke yake kwa furaha, kwa sababu tangu Ijumaa alikuwa akizisaka gramu sita, na sasa zilikuwa sakafuni zinasubiri ufagio.

Kipande hicho kilikuwa na ukubwa wa daftari dogo, kimepigwa msasa mpaka kikawa laini kama sabuni iliyotumika wiki nzima. Kwa mbele kilibandikwa karatasi ya kijivu, mahali ambapo siku moja pangekuwa na kioo. Hakikuwa na waya, betri wala kumbukumbu. Kilikuwa mfano tu wa kisomeo, kifaa cha mkononi cha kusomea vitabu vya kidijitali, ambacho kampuni ilimpa miezi tisa akibuni. Mama yake alipousikia muda huo alisema vizuri, akizaa amwite aje kumkanda.

Msanifu alikuwa na utaratibu wake. Wengine huanza na kompyuta; yeye alianza na mikono ya watu. Kila asubuhi alimpa mtu mmoja kile kibao na kumwomba akae nacho saa nzima: mlinzi wa getini, mfagizi, fundi cherehani wa ghorofa ya chini, ambaye alikisahau ndani ya kitambaa na nusura akishone. Saa ikiisha alikichukua na kukigeuzageuza dirishani, akitafuta mahali jasho lilipoacha alama. Sharti lake lilikuwa moja. Kisomeo kishikwe kwa mkono mmoja, na kidole gumba cha mkono huohuo ndicho kifungue ukurasa, kwa kuwa msomaji ana mkono mwingine wenye shughuli: unakoroga chungu, unabembeleza mtoto, umeshika bomba la basi.

“Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa,” alimkumbusha Betri. Huyu alikuwa mtaalamu wa programu, baba wa watoto wawili, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akichoka.

“Hawakusema hakifungui ukurasa,” Msanifu alimjibu.

Walifanya kazi katika vyumba viwili juu ya karakana ya ushonaji, na cherehani zilipoanza sakafu nzima ilitetemeka. Kampuni ilikuwa mali ya shirika la uchapishaji, na mwenyekiti wa shirika alikuwa Profesa, mwandishi wa kitabu cha kusoma cha darasa la tatu. Watu walikiita kile cha Profesa tu, na kila mmoja alijua ni kipi. Mtu yeyote aliyepita darasa la tatu katika miaka thelathini na sita iliyopita angeweza kukutajia mstari wa kwanza wa somo la tisa hata ukimkurupusha usingizini: Ngazi zetu ni kumi na saba, na ya kumi na saba ndiyo ndefu kuliko zote.

Mwezi wa nne, kibao kilipokubalika mikononi mwa watu arobaini, ulifika wakati wa kutengeneza kalibu ya kumiminia plastiki. Msanifu alikanda udongo wa mfinyanzi kwa umbo lilelile, akaufunga kwa kitambaa kibichi na kuupeleka nyumbani kwa mama yake, ambaye alimweka wa mwisho makusudi.

Mama yake alikuwa amepiga chapa katika shirika lile la uchapishaji kwa miaka thelathini na moja, na sasa alikuwa amestaafu na macho yake yalikuwa yanastaafu pia. Mtoto wa jicho alikuwa ameanzia jicho la kulia akahamia na la kushoto. Alisema anaona dunia kama mtu anayechungulia kupitia chupa ya mafuta. Daktari alimpangia upasuaji mwisho wa mwaka na kumwambia ukweli: jicho la kushoto lina matumaini, la kulia ni bahati nasibu.

“Shika kama unasoma,” Msanifu alimwambia.

Mama yake alilipokea lile tofali laini, akaliegemeza kiganjani, akalamba kidole gumba kama alivyozoea kulamba kila alipofungua karatasi maisha yake yote, na kubonyeza pembe ya chini. Pakabaki kishimo chenye mistari yote ya kidole chake.

Fundi wa kalibu alitaka kukilainisha. Alisema katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuachia kalibu yenye alama ya kidole, ni aibu kama kutoka na nguo nje-ndani.

“Kiache,” Msanifu alisema. “Hapo ndipo ukurasa utakapofungukia.”

Kwa hiyo kikaachwa, na chini yake Betri akaweka kitambuzi cha mguso. Wao wawili na fundi walikijaribu wakakuta kidole kinaingia pale chenyewe, hata gizani, hata cha mtu wa mkono wa kushoto.

Kisomeo cha kwanza chenye uhai kiliwashwa Alhamisi saa nne asubuhi. Msanifu hakuwa amekunywa chai. Moyo ulimdunda mpaka akaogopa utawasha kifaa kabla ya wakati. Betri alipakia vitabu vinne, akabonyeza, na ukurasa wa kwanza wa riwaya ya mapenzi ukajitokeza taratibu juu ya kijivu. Maneno yalikuwa wazi, meusi, yasiyoumiza macho. Yalikuwa pia yameandikwa kwa mkono, mwandiko wa haraka ulioinamia kulia, na hapa na pale neno limekatwa na jingine kuwekwa juu yake.

“Mimi niliweka herufi za kawaida,” alisema Betri.

Alikagua waya, akazima, akawasha. Riwaya ilibaki vilevile. Akafungua kitabu cha mapishi, kikatokea kwa mwandiko wa duara, wa mtu asiye na haraka na maisha. Kitabu cha sheria za barabarani kilikuja na miandiko saba tofauti, mmoja wa mtu wa mkono wa kushoto na mwingine wa mtu ambaye, kwa jinsi mistari ilivyoporomoka, aliandika huku anasinzia. Betri alichukua daftari la hitilafu na kujaza: Vitabu vinatokea kwa mwandiko wa walioviandika. Chaji inakadiriwa kudumu siku kumi na tisa. Hilo la pili liliwafurahisha kupita kiasi, kwa kuwa walikuwa wameomba kumi na nne tu, na Betri alicheza kidogo kuzunguka meza.

Kisha wakafungua kile cha Profesa.

Dibaji ilikuwa kurasa mbili, kwa herufi zilizosimama wima kama vigingi vya uzio. Wote wawili waliujua mwandiko huo, kwa sababu Profesa aliandika Nimeona juu ya kila barua iliyopita mezani kwake. Msanifu alibonyeza kishimo. Ukurasa wa tatu ulikuja kwa mwandiko mwingine: wa mviringo, uliotulia, wenye g ya mkia na vinukta vya i vilivyopigwa kama vistari vidogo. Alibonyeza tena. Akabonyeza mpaka ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, na mwandiko haukubadilika tena mpaka mwisho wa kitabu.

Mwandiko huo alikuwa ameuona kwenye majalada ya madaftari yake ya shule, kwenye kopo la unga, kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa jikoni ikisema zima gesi. Alikiweka kisomeo ndani ya mkoba, akamwambia Betri anakwenda kumfanyia majaribio mtumiaji, akashuka mbio. Walikuwa bado wakiishi palepale alipozaliwa, ghorofa ya kwanza, ngazi kumi na saba kutoka mlangoni. Ya kumi na saba ilikuwa imejengwa vibaya na kila mgeni alijikwaa.

“Mama, kile cha Profesa uliandika wewe.”

Mama yake alikuwa anachambua mchele kwa vidole, kwa kuwa macho hayakuwa na msaada. “Si nilishakwambia nilikipiga chapa?”

“Kupiga chapa uliniambia. Kutunga hukuniambia.”

“Mwanangu, huwezi kupiga chapa kitu kisichoandikwa. Inabidi kwanza mtu akiandike.”

Akamweleza bila kuacha mchele. Profesa, ambaye wakati huo alikuwa bado mwalimu tu mwenye marafiki wazuri, alimpa dibaji ya kurasa mbili na orodha ya masomo arobaini, akaenda ng'ambo kwenye mafunzo ya miezi mitano. Mtambo wa kuchapia ulikuwa umeshapangiwa tarehe. Mwenye mtambo alipiga simu kila Ijumaa. Ijumaa ya tatu mpiga chapa akaona bora aandike somo la kwanza ili apumue, na la kwanza likaita la pili. Aliandika kila siku baada ya chakula cha mchana, kwa mkono, kisha akapiga chapa. Alikuwa na mimba, na akipanda kwenda nyumbani alihesabu ngazi asisikie mgongo.

“Aliporudi hakuuliza?”

“Aliuliza kama nilibakiza karatasi.”

Msanifu aliketi chini. Alijisikia kucheka na kulia kwa pamoja, na kwa kuwa hakuweza kuchagua alifanya yote. Kisha akamkabidhi mama yake kisomeo na kumwonyesha jinsi ya kukuza maneno, moja, mbili, tatu, mpaka ukurasa ukabaki na mistari sita minene. Mama yake alikisogeza karibu na jicho la kushoto. Alilamba kidole. Hakuwa amesoma ukurasa mzima kwa miaka miwili, na sasa aliusoma kwa sauti, taratibu, halafu mwingine, na mwingine, uso ukimng'aa kama wa mtoto aliyeshinda mchezo. Mchele ulibaki hivyohivyo. Walikula saa kumi.

Katika somo la kumi na mbili alisimama. “Kosa langu bado lipo. Mbuzi wanatoka zizini watatu, wanarudi wanne. Niliona kitabu kilipokuwa kimeshatoka. Miaka thelathini na sita linaninyima usingizi.”

“Mama, mtu amekuibia kitabu kizima, wewe unahesabu mbuzi?”

“Kitabu kiko salama, kila mtu anacho. Mbuzi ndio hawako sawa.”

Msanifu hakutaka mbuzi. Alitaka jambo moja, na tangu siku hiyo alilitaka akiamka na akilala: mama yake aone jina lake kwenye jalada la kitabu chake wakati bado ana jicho la kuonea. Na kwa bahati hakuhitaji mwanasheria wala shahidi. Alikuwa na kifaa kisichojua kusema uongo, na wiki tatu mbele kilikuwa kifunguliwe mbele ya Profesa mwenyewe na bodi yote. Usiku alilala chali akiwaza jinsi chumba kitakavyonyamaza. Asubuhi aliimba akipiga msasa, mpaka mafundi cherehani wa chini wakamtumia salamu kwamba harusi ikiwa karibu wao ndio washonaji.

Siku ya kikao alimpigia mama yake pasi gauni la bluu. Katika orodha ya wahudhuriaji alimwandika mtumiaji wa majaribio, nambari arobaini na moja.

Ukumbi wa bodi ulikuwa na meza ndefu, viti vya magurudumu na chupa za maji zilizofunguliwa tayari. Profesa alikuwa mzee wa miaka sabini na minane, mpole, mwenye suti iliyomzidi mabega.

“Shikamoo, Profesa,” alisema mama yake Msanifu.

“Marahaba. Wewe ndiye uliyenipigia chapa.”

“Ndiye mimi.”

“Ulipiga vizuri,” alisema Profesa, na kumvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe.

Betri aliunganisha kisomeo na projekta. Ukutani ikatokea dibaji, vigingi wima kurasa mbili. Msanifu alibonyeza kishimo, na ukurasa wa tatu ukaujaza ukuta, mkubwa kuliko mlango. Alifungua kurasa kumi, ishirini. Alifika somo la tisa, na wajumbe wawili wakaanza kusema ngazi zetu ni kumi na saba kwa pamoja, bila kujizuia. Mwandiko ulitulia juu ya ukuta mweupe, vistari vya i vimepangwa kama njegere.

“Kitabu hiki ameandika mama yangu,” alisema.

Chumba hakikunyamaza, kwa kuwa mtu mmoja alikuwa anajimiminia maji.

“Hilo linaonekana,” alisema Profesa. “Mwenye macho haambiwi tazama. Tuendelee.”

Msanifu alisubiri. Hakuna aliyebisha, na hilo hakuwa amelitayarisha. Alikuwa na majibu kumi na mawili ya kumjibu anayebisha. Akauliza kama basi jina kwenye jalada litabadilishwa. Mwanasheria wa shirika, dada mwenye miwani na sauti ya upole, alimweleza kwamba mwandiko unaonyesha nani alishika kalamu, na hapo hakuna ubishi hata kidogo. Ila jina linatoka kwenye mkataba, na mkataba unaonekana kwa macho ya kawaida. Katibu aliandika katika kumbukumbu: Kikao kiliona mwandiko. Ajenda iliyofuata ilikuwa rangi ya kasha.

Mkuu wa mauzo ndiye aliyewarudisha nyuma. Alikuwa bado ameelekea ukutani, machozi yakimlengalenga. Alisema ameuza vitabu miaka ishirini na hajaona maandishi yanayomwita mtu kama haya. Anajisikia amekaa mapajani mwa mtu anayempenda. Nani atataka kusoma sheria za barabarani kwa mwandiko wa yule aliyesinzia? Vitabu vyote, alisema, viwekwe kwa mwandiko huu mmoja. Kila mtoto ataujua. Na kwa kuwa umetoka katika kile cha Profesa, jina lake limeshapatikana.

Ukumbi ulipiga makofi. Profesa aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyezoea.

“Mama una neno?” aliuliza.

“Lipo,” alisema mama yake Msanifu. “Somo la kumi na mbili lina kosa. Mbuzi wanatoka watatu, wanarudi wanne.”

“Mbuzi?” Profesa alifikiri. “Sikumbuki kama kuna mbuzi.”

“Wako ukurasa wa themanini na tatu.”

“Basi andika barua.”

Waliporudi nyumbani Msanifu alilia kwa hasira mpaka akapata kwikwi. Alisema anaacha kazi kesho asubuhi, na kile kibao chenye matundu atakichoma. Mama yake alimpa maji, akamwacha amalize, kisha akasema mbona chakula cha bodi kilikuwa baridi.

Hakuacha kazi. Jumatatu Betri alimwonyesha alichogundua: usipokichagulia kisomeo mwandiko, kinakuletea wa mwandishi; ukikichagulia mmoja, kinatii bila kinyongo. Kilichohitajika ni herufi zote, kubwa na ndogo, na tarakimu na alama, zichorwe upya na kusafishwa ziwe mfululizo kamili. Mtu wa kuzichora alikuwa Msanifu. Alikwenda kumwuliza mama yake akitegemea atakatazwa.

“Kama ni mwandiko wangu,” alisema mama yake, “angalau usiuchafue. Fanya wewe. Wakimpa mwingine ataulaza upande.”

Zikaja wiki sita ambazo Msanifu, ukimwuliza, atakiri kwamba zilikuwa tamu kuliko zote alizowahi kufanya kazi, na kwamba anaona haya kusema hivyo. Kila jioni mezani mama yake aliandika herufi kwa kalamu nene, akiwa ameinamia karatasi kwa jicho la kushoto, na yeye alizipeleka ofisini, akazikuza zikawa kubwa kama sinia, akasahihisha mipindo, akapima nafasi kati ya a na m, kati ya n na d. Walicheka sana. Mama yake alisema hajui kama aliwahi kuandika z iliyonyooka. Msanifu aligundua kwamba h ilikuwa na kigongo kidogo mabegani, kama mama yake mwenyewe. Mkia wa g aliurefusha mpaka ukagusa mstari wa chini, kwa sababu kwenye kioo ulionekana umekatika. Betri alipoupakia mwandiko wote na kufungua riwaya ya mapenzi, alimwita Msanifu kutoka chumba cha pili, wakasimama bega kwa bega. Ulikuwa mzuri kweli.

Kisomeo kilitoka mwezi wa tisa. Kiwanda kiliiga kalibu kama ilivyopelekwa, na katika visomeo elfu themanini vya kwanza, kila kimoja kilikuwa na kishimo kile pembeni, na mistari ya kidole gumba ndani yake. Mama yake Msanifu alifurahi kusikia hivyo. Alisema hajawahi kushikana mikono na watu wengi kiasi hicho, na wengine pengine hawajanawa.

Watu walikipenda kupita matarajio ya mkuu wa mauzo, ambaye matarajio yake hayakuwa haba. Walisoma wamesimama, walisoma wakikoroga, walisoma foleni ikisonga mbele bila wao. Ukurasa wa mipangilio ulikuwa na neno moja la kuchagua, Mwandiko wa Profesa, nalo lilikuwa limeshachaguliwa. Kufikia mwezi wa kumi na moja walimu walikuwa wanatoa alama za ziada kwa watoto wanaouiga vizuri. Kadi za harusi zilichapwa kwa mwandiko huo. Kinyozi wa jirani aliutumia kwenye kibao chake, na duka la dawa, na tangazo la mbwa aliyepotea.

Barua ya mbuzi ilijibiwa baada ya wiki nane. Shirika lilishukuru kwa maoni na kueleza kwamba marekebisho ya matini hupokelewa kutoka kwa mwandishi peke yake. Jibu lilikuwa kwa Mwandiko wa Profesa, na juu yake, kwa vigingi wima, palikuwa pameandikwa Nimeona. Mama yake Msanifu aliliweka kwenye kabati pamoja na vyeti.

Siku ya upasuaji waliondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wodi ya macho ilikuwa na benchi refu, na watu saba juu yake, watano kati yao wakiwa na visomeo. Mama yake Msanifu alikuwa na chake mkobani, ameishia somo la thelathini. Jicho likizibuka, alikuwa amesema, ataanza upya tangu mwanzo, kwa maneno madogo ya ukubwa wa kawaida kama watu wengine. Alikuwa na hamu hiyo kiasi kwamba hakuonekana kuogopa. Msanifu aliogopa kwa ajili ya wote wawili.

Muuguzi alikuja na fomu kwenye ubao wa kubania karatasi. Alikuwa mchangamfu, wa umri wa kati, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alieleza kwamba kwa kanuni za hospitali mgonjwa anayeweza kuandika aandike tamko mwenyewe kwa mkono, akamsomea: Nimeelewa, na nakubali kufanyiwa upasuaji wa jicho langu la kushoto.

Mama yake Msanifu aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi na kuandika polepole, bila kukosa mstari. Muuguzi alichukua fomu, akaitazama, uso ukachangamka zaidi.

“Ehe, hata wewe mama? Mwandiko wa Profesa!”

“Nimeuzoea,” alisema mama yake Msanifu.

“Umejitahidi, na macho hayo. Binti yangu nyumbani anaufanyia mazoezi kila siku, anarudia na kurudia.” Akaiinamisha fomu amwonyeshe, akisahau kwamba haoni vizuri. “Ila hapa, kwenye langu. Hii g. Ya Profesa mkia wake unashuka mpaka unagusa mstari wa chini. Yako umeukatisha.”

Mama yake Msanifu alimgeukia binti yake. Msanifu alikuwa ameshika mkoba mapajani, na ndani ya mkoba kidole chake gumba kilikuwa kimejikuta ndani ya kile kishimo.

“Lete kalamu,” mama yake alimwambia muuguzi.

Akaipapasa karatasi mpaka akaipata ile herufi, akaweka ncha pale mkia ulipoishia, na kuuvuta chini taratibu hadi ukagusa mstari.

“Sasa ndiyo yenyewe,” alisema muuguzi, na kumshika mkono kumwingiza ndani.